Jinsi ya Kukaanga Bajia Chini ya Serikali Yoyote Ile

Ndugu mjasiriamali mtarajiwa,

Umeniomba ushauri. Unataka kufungua biashara katika nchi iliyopata uhuru juzi na kupinduana jana, na umesikia kwamba sisi wa Unguja tuna uzoefu wa mambo hayo. Ni kweli, tunao. Sudani Kusini ilijitawala Julai 2011 ikangoja hadi Desemba 2013 ndipo risasi zikaanza kulia Juba. Sisi hatukuwa na subira hiyo. Tulipandisha bendera ya uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na alfajiri ya 12 Januari 1964 serikali ile ikapinduliwa. Siku 33. Kuna majumba ambayo halua ya sherehe ilikuwa bado iko kabatini.

Mwalimu wangu katika fani hii ni bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa akikaanga bajia Ng'ambo, upande wa Kikwajuni, tangu enzi za Mwingereza mpaka macho yalipokataa kumwambia kama mafuta yameshika moto au bado. Hakuwahi kujiita mjasiriamali. Neno lenyewe lilipofika kisiwani, likiletwa na watu wenye beji shingoni, alidhani ni cheo cha jeshi.

Basi chukua kalamu.

Hatua ya kwanza: uza kitu ambacho mkubwa hawezi kukitamani

Hapa ndipo wenye mali walipoteleza. Shamba la mikarafuu linaonekana. Nyumba ya ghorofa tatu Shangani, yenye mlango wa nakshi na misumari ya shaba, inaonekana tangu chomboni. Machi 1964 ardhi yote ikatangazwa kuwa ya Serikali, baadaye ikaanza kugaiwa wakulima eka tatutatu. Nyumba zikafuata, maduka makubwa yakafuata. Karai la bibi, mbuzi yake ya kukunia nazi na jiko lake la mkaa havikuingia katika orodha yoyote. Usidhani Mapinduzi yalimpenda kuliko wengine. Hayakumwona tu. Afisa mwenye orodha hutafuta kitu chenye namba ya nyumba, na bibi alikuwa na kigoda.

Kejeli naiweka pembeni kidogo. Wapo waliouawa siku zile, na wapo walioondoka na nguo walizovaa, wengine Mombasa, wengine Dar es Salaam, Maskati, Uingereza. Bibi alikuwa na mteja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Mchangani, akichukua bajia kila Jumamosi na kulipa mwisho wa mwezi. Jumamosi moja bibi alikwenda akakuta komeo. Deni la shilingi mbili na nusu lilibaki kwenye daftari lake, kwa zile herufi za Kiarabu alizojifunza chuoni, mpaka siku aliyofariki. Hakulifuta. Nimewahi kumuuliza kwa nini. Akasema mtu hajasema kwamba hatalipa.

Hatua ya pili: malighafi yako isipitie bandarini

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mzee Karume, rais wetu wa kwanza, alitaka watu wake wale kinachoota kwao. Fikra nzuri. Tatizo ni kwamba Mzanzibari alikuwa ameshaoana na mchele wa meli kwa miaka mingi, na talaka ilikuja ghafla. Mchele, unga wa ngano na sukari vikawa vya kugaiwa kwa kipimo, foleni zikaanza kabla ya adhana ya alfajiri, na muhogo, ambao zamani ulikuwa kitafunio, ukapandishwa cheo kuwa chakula cha mchana na cha usiku.

Sasa, bajia za bibi zilikuwa za dengu, na dengu haioti Kikwajuni wala Kizimbani. Inakuja na chombo. Ukosefu wake ungeweza kumfungia biashara katika wiki moja. Alichofanya ni kuhamia kwenye kunde, na hapa naomba uangalie kwa makini, maana kuhama si maneno. Dengu ni unga, maji na mkono mmoja. Kunde inataka usiku mzima. Unailoweka baada ya isha, inaamka imevimba, unaifikicha ndani ya maji mpaka maganda yaachane na kuelea, unayamwaga, unafikicha tena. Kisha jiwe: unasaga na kitunguu thomu na pilipili mbichi, lakini usisage mpaka ikawa uji, maana ukiitia kwenye mafuta itasambaa kama siri. Mafuta yenyewe yalikuwa ya nazi, nazi ya shamba, iliyokunwa kwenye mbuzi ileile.

Wateja walilalamika kwa siku mbili. Siku ya tatu walikuwa wakidai bajia za kunde ndizo hasa za asili, na kwamba zile za dengu ni za kileo. Wataalamu wa leo wana jina refu la jambo hilo, lenye kuzalisha na mbadala na nje ndani yake, pamoja na mchoro wa mishale. Bibi alikuwa na maneno mawili: dengu hamna.

Foleni nazo zilikuwa biashara. Mtu aliyechoka kusimama aliweka jiwe mahali pake akaenda kunywa maji. Kuna kijana mtaani kwetu, bibi akisimulia, aliyegundua kwamba jiwe halina jina. Akawa anaamka saa tisa za usiku anapanga mawe sita, na kufikia saa moja asubuhi ameshayauza yote kwa wanaochelewa kuamka. Biashara bila mtaji, bila ghala, bila leseni, na kila jioni anaokota bidhaa yake tena.

Hatua ya tatu: usimtegemee mteja mmoja (sehemu hii wasomewe mawaziri)

Mjasiriamali mkubwa kuliko wote Zanzibar baada ya 1964 alikuwa Serikali, na bidhaa yake ilikuwa karafuu. Tangu 1968 Shirika la Biashara la Taifa lilikuwa mnunuzi pekee. Mkulima alilipwa kile ambacho Shirika limeona kinamtosha. Bei ya dunia ilikuwa hadithi nyingine, ikisimuliwa na manahodha wa majahazi yanayokwenda pwani ya Kenya gizani. Magendo ya karafuu yakachukuliwa kwa uzito mkubwa hata ikawekwa adhabu ya kifo. Kama mwongozo wa biashara, hiyo ni njia mojawapo ya kulinda soko.

Nisiwe mwizi wa fadhila. Bei ilipokuwa juu, pesa zile zilionekana. Mwaka 1974 Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi, ya kwanza kusini mwa Sahara, wakati ndugu zetu wa bara walingoja miaka 20 ndipo wakapata yao. Majumba ya Michenzani yakapanda, nyumba za udongo zikabomolewa kuyapisha, na wateja wa bibi wakajikuta wanaishi angani. Alihofia watamsahau. Wao wakafunga kamba kwenye vikapu. Alasiri kikapu kinateremka kutoka ghorofa ya tano na sarafu ndani yake, kinapanda na bajia, na kama sarafu haikutosha, sauti inateremka peke yake: "Bi mkubwa, niandikie!"

Serikali haikuwa na vikapu vingi hivyo. Mteja wake mkuu alikuwa Indonesia, wanakovuta sigara zilizochanganywa na karafuu, na mteja huyo akakaa akatafakari: mkarafuu umetoka kwetu Maluku, ukafika Zanzibar karne ya 19 kwa kupitia visiwa vya Wafaransa, sasa kwa nini tunaununua? Wakapanda wa kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ikaanguka, na kisiwa kilichozoea kulishwa na mti mmoja kikaanza kutazama huku na huku. Tusijilaumu sana, maana si sisi peke yetu. Januari 2012 Sudani Kusini ilifunga visima vyake vya mafuta kwa ugomvi na Khartoum juu ya ada ya bomba, na karibu mapato yote ya nchi changa yakakauka kwa kauli moja.

Hatua ya nne

Hatua ya nne ilikuwepo. Imetaifishwa. Endelea na ya tano.

Hatua ya tano: ruksa ikija, walishe wanaokimbilia ruksa

Mwaka 1984 Ali Hassan Mwinyi akawa Rais wa Zanzibar na milango ya biashara ikafunguliwa. Watu binafsi wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, na Darajani, iliyokuwa na rafu za kuhifadhia vumbi, ikajaa vitenge, redio, sabuni zenye harufu na kaseti. Wa bara walipopata habari walijaa vyomboni kuja kununua. Jina la Mzee Ruksa lilimfuata Mwinyi baadaye huko bara, lakini ruksa yenyewe aliifanyia mazoezi huku kwetu.

Kila mtu akataka kuuza redio. Jirani zake bibi wawili waliuza vitanda ili wanunue redio za kuuza. Bibi akabeba karai akahamia kwa muda Malindi, karibu na bandari, wanapongojea chombo watu wenye mabegi makubwa na njaa kubwa zaidi. Msafiri aliyemaliza pesa zake kwenye vitenge bado ana senti ya bajia, na hawezi kwenda mbali kuitafuta maana anaogopa kuacha mzigo. Alikuwa akicheka mpaka machozi akisimulia wanaume waliovaa suruali nne, moja juu ya nyingine, kwa kuhofia ushuru wa upande wa pili. Hawakuweza kuchuchumaa. Ilibidi awainulie bajia mdomoni kama bwana harusi. (Ushuru wa upande wa pili, yaani kitu kilicholipiwa Unguja kulipiwa tena Dar es Salaam, umedumu kuliko suruali zile, na umekaa miaka mingi katika orodha ya kero za Muungano.)

Utauliza, mtaji wa kununua redio watu waliutoa wapi, na miaka yote ile walikuwa wakila muhogo? Sehemu ilikuwa upatu, wanawake kumi kila wiki wakimtilia mmoja wao. Sehemu kubwa zaidi ilikuwa sanduku la Maskati. Wale waliokimbia 1964 hawakupotea. Mwaka 1970 Sultani Qaboos alipoifungua Oman na kuwaita Waomani walioko nje, wengi wa waliotoka Zanzibar walikwenda wakiwa na elimu ambayo nchi ile ilikuwa na kiu nayo, wakapata kazi serikalini, na Kiswahili chao kikasikika maofisini Maskati. Milango ilipofunguka huku, masanduku yakaanza kuja. Kwa hiyo kanuni muhimu sana ya fedha: nchi inapopinduka, usimtukane anayepanda jahazi. Miaka 20 baadaye ndiye atakayekuwa benki yako, tena benki isiyoomba hati ya nyumba.

Hatua ya sita: kama inawezekana, biashara yako ielewe giza

Tarehe 21 Mei 2008 umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika Unguja nzima, na haukurudi kwa karibu mwezi. Tukasema sawa, ajali. Desemba 2009 ukakatika tena, mara hii kwa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Mji Mkongwe ukanguruma jenereta usiku na mchana. Pampu zikanyamaza, watu wakakumbuka visima vya babu zao. Pasi za mkaa zikatolewa mvunguni. Wenye mafriza ya samaki walilia, kisha wakanuka. Kulikuwa na vijana wenye jenereta ndogo waliopanga simu hamsini mezani kama dagaa na kuzichaji kwa malipo. Wengine katika hao, naambiwa, walioa kwa pesa hizo.

Wakati huo bibi hakuwepo tena, karai lilikuwa la shangazi. Jiko ni la mkaa, mwanga ni kibatari, duka ni mdomo wa baraza. Hakupoteza siku hata moja. Waliokuwa wakipika kwa umeme walikuja kununua kwake chakula cha usiku, na yeye, kwa huruma yake, alipandisha bei kidogo tu.

Hatua ya saba: fanya kazi ambayo wanaume wameikataa

Mwaka 1989 mbegu za mwani kutoka Ufilipino zilianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani. Wanaume walisogea, wakauliza malipo, wakapiga hesabu, wakasema hii ni kazi ya wanawake, wakarudi kwenye ngalawa zao. Wanawake wakaingia majini wakati wa bamvua, bahari inapokupwa mpaka mbali, na vijiti, kamba na taitai za kufungia, wakafunga mche mmoja baada ya mwingine, mgongo umeinama saa tatu, nne. Wiki sita hivi unavuna, unaanika, unauza kwa kilo, na ule mwani unakwenda kuwa uzito wa dawa ya meno ya watu usiowajua. Nenda Paje au Bwejuu uulize mabati haya na matofali haya yametoka wapi. Wanaume watasema "tulijenga".

Baadaye maji yalizidi joto, na cottonii, mwani mnene unaolipa vizuri, ukawa unakufa kabla ya kuvunwa. Ukabaki spinosum, wa bei ndogo, na hata bei hiyo wanunuzi wakasema imeshuka huko duniani. Huko duniani ni mahali zinapoamuliwa bei zetu zote. Karafuu nayo iliwahi kufika huko ikarudi imekonda. Basi baadhi ya wanawake wakaacha kungoja. Wakausaga mwani wenyewe wakatengeneza sabuni, wakatia mafuta ya karafuu na mdalasini, wakauza kwa kipande badala ya kilo. Kikundi kimoja cha Kidoti kinaitwa Tusife Moyo. Jina tu hilo ni mpango wa biashara wa kurasa arobaini.

Tangu 2020 jambo hili limepata jina rasmi, uchumi wa buluu, na linazungumzwa katika kumbi zenye viyoyozi na wageni wenye tai. Waliokuwamo ndani ya buluu yenyewe mpaka kiunoni kwa miaka 30 waliarifiwa baadaye.

Hatua zilizobaki, kwa mkato

Watalii ni wazuri. Mwaka 2023 walipita laki sita. Lakini korona ilipokuja, Machi 2020 ulikuwa mwezi mmoja tu uliotosha kuwamaliza, na wahudumu wa hoteli za Nungwi wakaonekana tena baharini na mishipi. Kama huna bidhaa kabisa, uza hadithi. Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe 1946 na familia yake ikaondoka 1964. Kabla ya jumba la makumbusho yake kufunguliwa Shangani mwaka 2019, niliwahi kuonyeshwa na mapapasi tofauti, vijana wa kuzungusha watalii, nyumba tatu alizokulia, moja ikiwa ghala la mchele. Papasi wa tatu aliponiona ni mwenyeji aliniomba radhi akaniuliza kama nina nyumba ya kukodisha.

Kila baada ya miaka mitano uchaguzi huja kama masika. Mwezi mmoja kabla, watu hununua mchele wa kutosha, hupeleka watoto shamba, na maduka huteremsha milango nusu. Nunua gunia lako mapema. Usiseme umelinunua kwa ajili gani. Kila chama kitadhani unamaanisha wao.

Na mwisho, hudhuria semina.

Mwaka jana shangazi alialikwa kwenye semina ya siku tatu juu ya ujasiriamali na ustahimilivu wa kiuchumi. Alivaa buibui jipya. Walimpa beji, begi la kitambaa, kalamu na chupa ya maji. Mwezeshaji, kijana mpole sana, aliwataka washiriki waandike kwenye karatasi kubwa changamoto kuu iliyowahi kuikumba biashara yao. Shangazi alifikiri, akaomba aelezwe: changamoto ya mwaka gani? Kijana akacheka, akamwambia achague yoyote. Aliandika "dengu".

Saa nne ikaja chai. Sambusa zilikuwa baridi, zimetoka mbali, na za nyama zilikuwa na viazi. Shangazi alikula moja kwa adabu, akamfuata mratibu koridoni. Sikuwepo, lakini najua alichosema, maana kesho yake na kesho kutwa yake chai ya semina ililetwa na binti yake kwa Vespa, ndani ya ndoo mbili zilizofunikwa kwa kitambaa cheupe. Washiriki walisifu. Mwezeshaji alikula sita. Malipo, alielezwa, yatafanyika mara tu taratibu zitakapokamilika.

Jana nilipita Kikwajuni kumsalimia. Alikuwa amekaa na daftari mapajani, la kisasa hili, herufi zetu hizi, ila limewekwa juu ya lile la bibi katika mfuko mmoja wa plastiki. Nilichungulia ukurasa wa karibu. Mstari wa juu: *Fundi wa baiskeli, bajia kumi, kalipa.* Wa pili: *Mwalimu wa skuli, kachori nne, kalipa nusu.* Wa tatu, kwa mwandiko wa taratibu wa mtu aliyehudhuria mafunzo: *Semina ya ujasiriamali, bajia mia tatu, kachori mia. Bado.*